Gari Lililomkataa Dereva

Nimepigwa mara nyingi maishani mwangu, na mara nyingi nilistahili. Mzee aliyenifundisha ufundi wa magari Shinyanga mjini hakuwa na tabia ya kusema jambo mara mbili. Mara ya kwanza alisema kwa mdomo, mara ya pili alisema kwa chochote alichokuwa amekishika. Siku nilipofungua propela bila kuiwekea alama, alikuwa ameshika spana namba kumi na saba, nayo ilitua kwenye vidole vyangu vya mkono wa kushoto. Kidole cha kati hakikunjiki vizuri mpaka leo. "Alama kwanza," alisema, wala hakupandisha sauti. "Tindo na nyundo, chuma kwa chuma. Ukishaweka alama ndiyo uguse nati."

Kwa ambaye hajawahi kulala chini ya gari, propela ni ule mhimili mrefu wa chuma unaotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma. Ni vipande viwili vinavyoingiana kwa meno, ili viweze kurefuka na kufupika gari linapopita kwenye mashimo. Kila ncha ina masikio mawili yanayoshika krosi, kiungo chenye umbo la msalaba, na masikio ya mbele na ya nyuma lazima yalale kwenye mstari mmoja. Ukivichomoa vipande hivyo, halafu ukavirudisha ukakosea jino, gari litawaka vizuri na kuondoka vizuri, litakupa heshima zote mpaka lifike mwendo fulani. Hapo litaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria. Nayaeleza haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa sijui. Nilijua, na nilikuwa na kidole cha kunikumbusha.

Wakati huo gereji yangu ilikuwa Kalangalala, Geita, na jina langu lilikuwa limetembea kwa kazi ya kuinua magari. Watu wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wanataka gari lisimame juu, maana njia za kule porini zimeliwa na mvua na malori mpaka gari la kawaida linakwangua tumbo kwenye mawe. Mteja wangu mkubwa alikuwa mwenye maduara mmoja ambaye kila mtu alimwita Bosi. Alikuwa mfupi, mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kupiga. Niliwahi kumwona akimzaba kofi mtu aliyekuwa akimwamkia, eti shikamoo yake ilichelewa. Mimi hakuwahi kunigusa. Alikuwa akisema fundi hapigwi, atakufungia breki vibaya, kisha anacheka peke yake.

Akaniletea pikapu yake ya kuvuta kwa magurudumu yote manne. Nikaiwekea springi ndefu na shokapu mpya, nikachonga kabari za chuma za kulilaza difu, lile boksi la meno lililo kati ya magurudumu ya nyuma, maana ukiinua gari unaikunja propela, na propela iliyokunjwa haisamehe kosa dogo. Propela ya nyuma niliichomoa nikaitenganisha ili nisafishe meno na kutia grisi. Tindo ilikuwa ndani ya boksi, boksi liko chini ya jeki, jeki iko chini ya tairi bovu. Chaki ilikuwa mfukoni. Nikachora mistari miwili mizuri kwa chaki, nikajiambia ni kazi ya saa moja tu.

Saa hiyo moja ndipo Bosi alipokuja na mganga.

Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Duara linazindikwa kabla ya kuchimbwa, na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inazindikwa kabla ya kuwashwa. Mwenye mali anataka kinga, na Bosi alitaka gari lake lizindikwe likiwa limefunguliwa, ili dawa iingie mpaka ndani. Mganga alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuta vyuma vyangu vimepangwa kwenye turubai, akachovya usinga kwenye beseni la dawa, akavirashia. Kisha akaona kurasha hakutoshi. Akaliinamisha beseni lote juu ya propela na kuisugua kwa kiganja kutoka ncha hadi ncha, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Mistari yangu ya chaki ikaondoka na maji.

Nilifungua mdomo. Mganga akainua kidole.

"Fundi haongei," alisema. "Tangu sasa mpaka gari liwake. Na asifute kitu."

Mimi ni Mkristo wa Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Bosi alikuwa amesimama pale mikono kiunoni, akinitazama. Ningeweza kukataa kwa kichwa. Ningeweza kuweka spana chini. Badala yake nililala chali nikaiunga propela kwa jicho, maji ya dawa yakinidondokea usoni, hasira imenijaa kifuani, na masikio ya krosi niliyaona yako sawa kwa sababu nilitaka yawe sawa. Gari likawaka. Bosi akanipiga begani. "Haya fundi, sema sasa!" Nikasema, "Wabeja, Bosi," yaani asante kwa Kisukuma, na sikusema kingine.

Kabla hajaondoka, mganga aliweka mkono juu ya boneti. "Hili limefungwa," alisema. "Mwizi akilikalia, litamkataa."

Wote tukamtazama dereva wa pikapu hiyo. Kwa muda wa wiki kadhaa viroba vya mawe vilikuwa vikipungua njiani kutoka duarani kwenda karasha, na aliyevibeba ni yeye. Alikuwa amesimama kando, anatafuna muwa, akacheka kama alivyocheka kwa kila jambo. Alikuwa kijana wa upande wa Songwa, huko huko Kishapu nilikozaliwa, na kwa sababu hiyo nilimwita mdogo wangu na kumsumbua kwa utani kila alipokuja.

Alirudi siku ya nne.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nini tena?"

"Gari linatikisika. Duarani halina neno. Nikishika lami, likifika sabini, linaanza. Usukani umetulia kabisa. Linaanzia hapa," akajipiga makalio, "linapanda mgongo mpaka meno yanagongana. Nikitoa gia nikaliacha lijiendee, bado. Nikipunguza mpaka hamsini linaacha."

Sijawahi kupata maelezo mazuri kama hayo kutoka kwa mtu asiye fundi. Usukani umetulia, basi si magurudumu ya mbele. Gia imetolewa na bado linatikisika, basi si injini. Linafuata mwendo, linaanzia kwenye kiti. Alichobakiza ni kutaja jina la chuma tu. Na kwa kuwa jina hilo nililijua, nikampigia kelele.

"Nani amekufundisha kazi yangu?"

"Yaya, fundi, hapana, mimi nasema ninavyosikia..."

Nikamrushia spana. Ilimkosa ikagonga mlango wa gari, na alama ya pale mlangoni niliipaka rangi baadaye mwenyewe. Nikamwambia ni matairi. Nikazungusha matairi, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, nikampeleka yakabalansiwe yote manne, na njia nzima nikamtukana kwa kuendesha ovyo. Aliitikia ndiyo fundi, ndiyo fundi. Aliporudi tena kusema bado linatikisika, alikuja na Bosi.

Bosi hakutaka maelezo. Alichukua ufunguo, akaondoka na gari peke yake kuelekea duarani, akarudi baada ya saa nzima. Lazima niseme Bosi alijifunza udereva uzeeni. Alishika usukani kama ameshika pembe za ng'ombe mkorofi, na sidhani kama aliwahi kuvuka arobaini. Alishuka, akafunga mlango polepole.

"Kwangu limetulia," alisema.

Dereva akatabasamu. "Labda kwa sababu..."

"Kwangu limetulia. Kwako linatikisika."

Nililiona neno la mganga likimpanda Bosi usoni. Naye dereva aliliona, maana tabasamu lilimfia hapo hapo. Kofi la kwanza lilimkalisha chini kwenye uwanja wangu, katikati ya oili. Halafu ikawa mateke. Wale wanaume wawili waliokuwa wakitembea na Bosi siku zote walimwinua, wakamrudisha chini, wakamwinua tena. Alikuwa akisema, "Fundi, mwambie! Fundi, mwambie!" Mimi nilikuwa nimesimama na spana mkononi. Nilikuwa mtu wa fujo, nimepigana baa na stendi, nimepigana hata kanisani siku ya harusi, na siku hiyo sikuinua mguu. Wakamtupa nyuma ya gari lingine wakaondoka naye.

"Na wewe," Bosi aliniambia huku akijifuta jasho, "liangalie kama kuna kitu amekibadilisha. Kesho mchana nalifuata."

Nilibaki na gari. Nikalitoa mpaka kwenye lami, nikakanyaga mafuta. Sitini, halina neno. Sabini, kiti kikaanza kunong'ona chini yangu. Sabini na tano, nikausikia mtetemo mgongoni. Themanini, gari zima likawa linapigwa kutoka chini na mtu asiyechoka: kioo cha kati kikalegea, sanduku la mbele likafunguka likatapika makaratasi, na mguu wangu ukawa unaruka juu ya pedali. Nilitoa gia nikaliacha liserereke. Likaendelea kupiga. Kila neno alilosema dereva lilikuwa kweli, mpaka hilo la meno.

Nikarudi gereji nikaichomoa propela ya nyuma, nikafunga loki za mbele, nikarudi barabarani likivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Kipimo hicho hakidanganyi. Themanini, tisini: kimya, upepo tu. Nikaja kuilaza propela kwenye turubai lile lile nikachuchumaa na kuitazama kwa ncha moja. Masikio ya huku na masikio ya kule hayakuonana. Meno mawili. Nilimtukana mganga, nikamtukana Bosi, nikalipiga ngumi bati la ukuta mpaka ngozi ikatoka, kisha nikatafuta tindo. Ilinichukua muda mfupi tu kuifikia, chini ya jeki, chini ya tairi.

Niliirudisha sawasawa. Nikagonga alama, chuma kwa chuma. Nikalipeleka gari mpaka mia moja na lilikwenda kama linateleza. Na wazo langu lilikuwa hili, naliandika kama lilivyokuwa: gari likitulia, ugomvi utaisha, dereva ataachiwa, na hakuna atakayeuliza lilitulia vipi. Nilikwenda nyumbani nikala ugali na dagaa. Nilikula vizuri.

Kesho yake mchana Bosi alikuja na dereva mwingine, akanipandisha tukatoka wote kwenye lami. Dereva yule alilipeleka tisini. Bosi aliweka kiganja juu ya kiti, akasikiliza kwa kiganja, kisha akaanza kucheka.

"Umeona, fundi? Mwizi hayumo, limetulia."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa tuliporudi, aliposhuka kunipa mkono kwa furaha, akasema, "Sasa nina ushahidi. Atanieleza mawe yangu ameyapeleka wapi." Akaingia garini, wakaondoka kuelekea karasha. Nikasimama pale getini nikiwaangalia mpaka vumbi likatua. Mganga alinifunga mdomo kwa muda wa kuwasha gari tu. Muda wote uliobaki niliufunga mwenyewe, na hapo getini bado niliufunga, nikarudi ndani nikaanza kufungua breki za gari la mtu mwingine.

Alasiri alikuja mke wa dereva kwa bodaboda, mtoto mgongoni. Alisimama mbali kidogo na mafuta.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mayu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Wamemvunja mkono." Hakulia. Alisema kama mtu aliyetumwa. "Wanamwambia ataje, na hana cha kutaja. Wanasema jua likishuka watampigia yowe."

Asiyetoka kwetu huenda asielewe. Yowe la mwizi likipigwa, kila mwanaume aliyelisikia anatoka na alichonacho mkononi, jembe, fimbo, jiwe, na hakuna anayefika akauliza kuna nini. Wanauliza baadaye. Nimezaliwa kwenye desturi hiyo, na mimi mwenyewe nimewahi kukimbia nikiwa na fimbo, na sitaeleza tulichokikuta wala tulichokifanya.

"Fundi," aliniuliza, "gari lile si ulilifunga wewe? Ulilifunga vipi?"

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayedhani kuna jibu. Nikachukua spana mbili, nyundo na tindo. Nikasema, "Twende, mayu."

Pale karasha injini ilikuwa inanguruma kiasi kwamba mtu anaweza kupiga kelele hatua tatu kutoka kwako na ukaona mdomo tu. Nafikiri ndiyo sababu walimpeleka pale. Alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya banda. Jicho moja halikuonekana tena kwa uvimbe. Mkono wa kulia ulining'inia umefura, vidole vimekaa kila kimoja na upande wake, na mpini wa sururu uliofanya kazi hiyo ulikuwa umeegemezwa kwenye nguzo ile ile. Wanaume kama kumi walikuwa wamesimama, wengine wanakunywa soda. Nilipiga kelele, hakuna aliyesikia. Basi nikaenda kwenye injini ya karasha nikaikatia mafuta. Ikakohoa, ikafa.

Ukimya ule uliwashtua kuliko kelele. Wote wakageuka.

"Bosi," nikasema, "gari nililikosea mimi. Siku ya dawa. Alama zilifutika nikaunga kwa jicho. Linatikisa kila mtu, si yeye."

Bosi alinitazama kwa huruma. "Fundi, unamtetea wa kwenu. Leo nimelipanda mwenyewe, limetulia."

"Nipe robo saa nilirudishe lilivyokuwa."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alitaka kunicheka. Nililala chini ya lile gari kwenye mawe makali, nikafungua bolti, miguu yangu ikiwa nje, na mmoja wao kila baada ya muda aliupiga mguu wangu teke akisema fanya haraka. Nikaichomoa propela, nikaangalia alama zangu za tindo, nikaipeleka meno mawili mbele, nikafunga. Nilitoka nikiwa nimejaa vumbi na grisi mpaka kwenye nyusi.

"Sasa endesha wewe. Si kwa arobaini yako. Themanini, kwenye lami."

"Unaniamuru?"

"Kama unaogopa themanini, sema mbele ya watu."

Wanaume walicheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kilichompandisha kwenye kiti. Nikakaa kando yake. Sita au saba waliruka nyuma, kila mmoja akitaka kuona. Kwenye lami alipita arobaini, akapita hamsini akiwa ameuma mdomo. Sitini. Sabini.

Likaanza.

Nilimwona akikaza mikono kwenye usukani, na usukani haukuwa na tatizo, ni yeye aliyekuwa anaruka. Kioo cha kati kikadondoka kikapasukia miguuni mwetu. Sanduku la mbele likafunguka. Nyuma yetu watu walikuwa wanagonga paa na kupiga kelele, mmoja akimwita mama yake.

"Ongeza," nikasema.

"Inatosha!"

"Ongeza, Bosi! Au ndiye wewe unayeiba mawe yako?"

Akakanyaga. Kwa hasira tu, akakanyaga mpaka mshale ukapita tisini, na chuma chini yetu kikawa kinagonga sakafu kana kwamba kinataka kuingia ndani. Nilidhani propela itakatika ituchome wote wawili, na kwa dakika ile nilitamani ikatike. Alifunga breki ghafla, gari likaenda upande upande, tukasimama kando ya barabara, nusu kwenye majani. Watu wa nyuma waliruka chini hata kabla halijasimama. Mmoja akatapika.

Bosi alishuka, akazunguka nyuma ya kiti, akatoa spana ya magurudumu. Fundi hapigwi, alizoea kusema. Pigo la kwanza lilivunja mtulinga wangu wa kushoto, nikausikia ukisema kama kijiti. La pili lilinipata mdomoni na likaondoka na meno yangu mawili. Nilikuwa magotini natema damu, nikaona kivuli cha chuma kikipanda tena. Mchimbaji mmoja wa makamo, yule yule aliyekuwa akinipiga teke miguuni, alimshika mkono.

"Bosi," alisema. "Limetutikisa sote."

Hakuna aliyecheka. Bosi aliitupa spana kwenye majani, akakaa kwenye ukingo wa lami, na alionekana mtu mzee. Nilimlaani kwa sauti, damu ikinitoka mdomoni.

Dereva alifunguliwa kabla jua halijazama. Hakuna aliyemwomba radhi. Walimpakia kwenye gari lingine kwenda hospitali na mimi nikiwa ubavuni mwake nimeshika bega langu, mkewe akiwa upande wake wa pili, na njia nzima dereva alinishika mkono kwa mkono wake mzima. "Wabeja, fundi," alikuwa akisema. "Wabeja sana." Mawe nani aliyaiba sijui mpaka leo. Bosi hakurudi tena kwangu.

Mkono wa dereva uliunga vibaya. Vidole viwili vya mwisho havisikii moto wala baridi, na ngumi haifungi. Alikaa bila kazi muda mrefu, kisha akapata kazi ya kuendesha boza, lori la tangi la maji, na tangu hapo amekuwa akileta kwangu magari anayoendesha. Watu wa gereji wanadhani tumezaliwa tumbo moja. Amewahadithia wateja wangu wengi jinsi fundi wake alivyovunjwa mtulinga kwa ajili yake, na kila anapohadithia mimi hutafuta kazi ya kufanya chini ya gari.

Juzi juzi alikuja asubuhi na pikapu ya tajiri mwingine, imeinuliwa na fundi asiyejulikana. Alinisalimia, akaagiza chai kwa mama anayeuza pale jirani, akakaa kwenye tairi. Alikunywa nusu kikombe.

"Fundi, siku ile karasha. Ulilala chini ya gari ukalirudisha lilivyokuwa."

"Ndiyo."

"Ili litikisike."

"Ndiyo."

"Basi lilikuwa limeshatengenezwa." Alikuwa anaangalia chai. "Mkono ulikuwa mzima mchana ule. Bosi alikuja anacheka, anasema gari limetulia, mwizi ni huyu. Ndipo wakachukua mpini. Nimelifikiria hilo miaka mingi, nikasema labda. Lakini gari halijitengenezi, fundi."

Nilikuwa na spana mkononi. Niliiweka chini.

"Nililitengeneza jana yake," nikasema. "Nikanyamaza. Na kabla ya hapo nilijua. Nilijua tangu siku ile uliyojipiga makalio ukanieleza."

Aliinuka akaweka kikombe juu ya tairi kwa uangalifu, akanipiga kofi. Alinipiga kwa mkono ule ule wa kulia, mkono usiofunga, akauzungusha kutoka begani kwa nguvu zake zote. Kilikuwa kipigo dhaifu. Kilimuumiza yeye kuliko mimi, maana aliukumbatia mkono kifuani na kuinama, akavuta pumzi kwa meno, na nilisimama mbele yake nikingoja apige tena. Nilitaka apige tena. Nilitamani awe na mkono wa kunipiga.

Kisha akaketi. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Linatikisika likifika sitini," alisema. "Usukani umetulia. Linaanzia kwenye kiti."

Nikachukua tindo na nyundo, nikaingia chini ya gari.